Sauti Niliyoiwekea Akiba

Juzi mteja wangu mmoja aliingia kujaribu gauni, na kabla sijamwona uso nilijua ametoka kusukwa nywele. Harufu ya mafuta ya mise, yale meusi yanayotoka kwenye kokwa za mchikichi, ilimtangulia mlangoni pamoja na harufu ya uzi mweusi mpya. Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa, nikamwomba akae kidogo, nikaenda nyuma ya cherehani nikasimama tu. Mama yangu hayupo tena, na kwa muda mrefu nilikuwa namkumbuka kwa ile picha yake ya ukutani, amevaa sare ya akina mama wa kanisa, hatabasamu. Harufu ile ilimrudisha akiwa na vidole na magoti, na mimi nimekaa chini katikati ya magoti hayo.

Hapa Lubumbashi wananiita Mama Dezi. Wengi hawajui kwamba niliandikishwa duniani kama mtoto wa kiume, na wanaojua wamechoka kulizungumza. Lakini nilikulia Kamina, katika nyumba za matofali za watu wa reli, mtoto wa pili wa karani wa gare, yaani stesheni ya treni, na mwalimu wa darasa la kwanza. Jina langu ni Dezire. Kifaransa humpa jina hilo mvulana na humpa msichana, na masikio hayatofautishi.

Sikumbuki siku nilipoanza kujua. Nakumbuka tu kwamba niliamini watoto wote huanza wavulana, kisha baadhi yao huitwa na mama zao, hukalishwa chini, husukwa nywele, na kuanzia hapo ni wasichana. Niliona ikifanyika katika kila lupangu, kila ua wa mtaa wetu, siku za Jumamosi: mtoto anaingia katikati ya magoti ya mamaye akiwa na kichwa kama changu, anatoka akiwa mwingine. Basi nilikuwa nangoja zamu yangu. Sikuwa na haraka. Mama alikuwa mtu wa kazi nyingi.

Wasiwasi ulianza na koo la Ilunga. Huyu ni kaka yangu, alinipita miaka michache, na alikuwa na sauti nzuri ya kuimba. Kisha ghafla sauti ile ikapasuka, ikawa inaruka juu na kushuka chini kama mlango wenye bawaba mbovu, na ilipotulia ikawa ya Papa. Watu walifurahi, wakampiga mgongoni. Mimi niliogopa kiasi cha kukosa hamu ya kula. Nilifikiri, kwa akili yangu ya wakati ule, kwamba sauti huisha kwa kutumiwa, kama kipande cha sabuni. Ilunga alikuwa mpiga kelele mkubwa, ndiyo maana yake imeisha mapema. Yangu nitaiwekea akiba.

Nikaacha kusema. Si kwa ghafla; nilianza kwa kuacha maneno yasiyo ya lazima, kisha hata ya lazima. Nilijibu kwa kichwa. Kanisani nilifungua mdomo bila kutoa kitu. Mama alinipeleka kwa muuguzi wa zahanati, naye akaangalia koo kwa tochi, akasema halina kidonda. Mchungaji akaniwekea mkono. Papa alisema, "Huyu iko na kiburi, umuache," lakini niliona ananitazama kwa jicho la pembeni wakati wa chakula.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka jinsi vita vilivyokuwa vinakuja miaka ile: vilikuja kwanza kama majina ya miji. Leo mji fulani, kesho mwingine ulio karibu zaidi. Papa alikuwa ametumwa kazini Kabalo treni ziliposimama, na akabaki huko. Shule zikafungwa. Askari wa serikali ya zamani wakapita wakikimbia, na kila walichoweza kubeba wakabeba. Kisha wakaja hao wengine, waasi wenye mabuti ya mpira na Kiswahili cha mashariki. Hawakubeba viti wala magodoro. Walitaka wavulana. Wengine wa mtaa wetu walikwenda wenyewe wakiimba, kwa sababu waliahidiwa bunduki na viatu. Mwana wa jirani yetu, rika la Ilunga, alichukuliwa akiwa anatoka kisimani, na ndoo yake ikabaki barabarani hadi mama yake alipoifuata.

Asubuhi iliyofuata Mama alifunga geti la lupangu kwa mnyororo. Akatoa kigoda, kitana, uzi mweusi na kichupa cha mafuta ya mise. Vinyozi walikuwa wamekimbia zamani na nywele zetu zilikuwa zimeota vya kutosha.

"Ilunga, kuya hapa. Ikala chini."

Ilunga alipoelewa, alisimama. "Mama, minyi niko mwanaume!"

"Njo sababu banakutaka," Mama akasema. "Ikala."

Alikaa. Alilia kwa hasira muda wote, machozi yakidondoka kwenye mkono wa Mama, naye aliendelea kuzungusha uzi. Ilipofika zamu yangu, niliingia katikati ya magoti yale kama mtu anayeingia kitandani. Nakumbuka jinsi kitana kilivyogawa kichwa changu, ubaridi wa hewa kwenye mistari iliyo wazi, mafuta yakitiririka kidogo nyuma ya sikio. Alivuta kwa nguvu. Niliumia, nikafurahi.

Wakati ule nilidhani Mama ameona. Nilidhani ameona siku nyingi, na kwamba habari ya askari ni kisingizio alichobuni ili majirani wasiseme, na kwamba Ilunga wa watu anasukwa ili nisiwe peke yangu. Nilimhurumia sana kaka yangu kwa kunisindikiza. Nililiamini jambo hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Alitufunga vikwembe, vitenge vya kiunoni, akatuvika blauzi zake za zamani alizozipunguza kwa sindano, akatutia vitambala kichwani. Tukashika barabara ya Kaniama kwenda kijijini kwa Kambo, mama yake Mama. Ilunga alitembea kama mtu aliyefungwa miguu. Mimi nilikuwa na beseni la unga kichwani na sikumbuki kuchoka.

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa juu ya mapipa mawili. Askari mmoja aliyekuwa amekaa kivulini alituita kwa kidole. Hakuwa mkali. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma.

"Mama, hawa ni watoto wako?"

"Njo batoto bangu."

"Huyu mrefu anaitwa nani?"

Mama alisema, "Anaitwa..." akakwama. Alikuwa amefikiri juu ya uzi, vikwembe, njia na maji ya kunywa, lakini jina hakulifikiria. Askari akamgeukia Ilunga. "Wewe, dada, huna mdomo? Jina lako?"

Ilunga aliinamisha kichwa. Angefungua mdomo ingetoka sauti ya Papa. Yule askari akaacha kutafuna.

"Dada yangu iko mugonjwa ya koo," nikasema. "Hawezi kusema. Anaitwa Georgette. Minyi ni Dezire."

Ilikuwa sauti yangu, nzima, nyembamba, haijaharibika mahali popote. Ilinishangaza hata mimi. Nikashusha beseni, nikalifunga upya kikwembe cha Ilunga kilichokuwa kinateleza, kama nilivyoona akina dada wakifanyiana, nikamshika mkono. Askari alinitazama usoni. Hakuona kitu cha kushangaza. Alinitazama kama mtu anavyomtazama msichana mdogo mwenye maneno mengi, akatabasamu, akarudia muhogo wake.

"Nendeni. Mpeni Georgette maji ya chumvi asukutue."

Tulikwenda hadi barabara ilipopinda. Hapo Mama aliketi juu ya majani, akashika kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, au vyote viwili. Ilunga alikaa mbali, ametugeuzia mgongo. Mama aliponyamaza akanivuta karibu.

"Kumbe unasema. Miezi yote ile, sauti ulikuwa unaiweka wapi?"

"Nilikuwa naiweka akiba."

"Akiba ya nini, mutoto wangu?"

"Isiharibike sawa ya Ilunga."

Alinitazama muda mrefu, nikaona uso wake unabadilika polepole. Kisha akanikaza kitambala kichwani, ambacho hakikuwa kimelegea, akasimama.

Kambo alikuwa mzee asiyesikia vizuri na asiyependa maelezo. Alimtazama Ilunga, akacheka hadi akakohoa, akampa jembe. Siku hiyo hiyo Ilunga alikata nyuzi zake kwa wembe na akahamia kibanda cha shambani, mbali na njia, ambako alikaa hadi mwisho akilinda mahindi. Mimi Kambo alinipa mchi. Alitazama kilichoko kichwani mwangu, na hapo ndipo alipoishia kuuliza.

Kwa hiyo nikatwanga mihogo. Nikateka maji. Nikachuma matamba, majani ya muhogo, nikajifunza kuyaponda bila kurusha maji ya kijani kwenye blauzi. Binti wa mjomba, Numbi, alinifundisha jinsi ya kuketi nikiwa na kikwembe, na jinsi ya kukifunga kisifunguke hata nikikimbia. Siku moja mtoni aliniuliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza kama nina ndugu Bukama:

"Weye uko mutoto mwanaume?"

"Mama alinisuka," nikamwambia.

Akafikiri. "Basi," akasema, tukaendelea kufua.

Nilikuwa naoga nikiwa na shimizi, mgongo kwa wenzangu, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeanza mambo ambayo sikuuomba, na nilipenda kutouona. Lakini zaidi ya hapo nilikuwa na amani. Nililala usingizi mzito. Na nilisema! Nilisema kuanzia kuamka, juu ya kuku, juu ya Numbi, juu ya ndoto, mpaka Kambo, ambaye hasikii, akalalamika kwamba namchosha. Mama alikuwa akisikiliza kutoka mbali, ameegemea ukuta, mikono imekunjwa. Zaidi ya mara moja nilimkuta ananitazama hivyo.

Kisha habari zikaja kwamba treni imepiga honi Kamina, kwamba mji umetulia, kwamba Papa amerudi, amekonda lakini mzima. Watu wote walishangilia. Mama alitoa kigoda kile kile nje ya nyumba ya Kambo, mchana kweupe, akaniita.

"Tutoshe hizi nyuzi. Baba yako anangojea."

Nikakaa. Uzi wa kwanza ulifunguka, nywele zikabaki zimesimama. Mama alikuwa anaongea juu ya safari, nani atatusindikiza, tutabeba mahindi kiasi gani. Akaniuliza kama nitamwachia Numbi blauzi ile ya maua. Sikujibu. Akauliza tena. Uzi mwingine ukafunguka. Nilikuwa nimefunga mdomo, si kwa ukaidi. Nilikuwa naisikia sauti inarudi ndani yenyewe, kama maji yanavyonywewa na udongo.

Mikono ya Mama ikasimama kichwani mwangu.

"Dezire. Umeisha kuirudisha ku akiba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Kuku walikuwa wanachokora karibu na miguu yetu. Aliposema, aliongea Kiluba kidogo peke yake, kisha akanirudia.

"Sikiliza. Minyi sijue vile bantu banafanyaka mambo kama hii. Hakuna muntu alinifundisha. Umesikia?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile siku nilikusuka, nilikuwa naogopa baaskari. Hakuna kingine nilikuwa nafikiri."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa ameona, kwamba vita vilikuwa vita kweli na Ilunga hakuwa ananisindikiza. Nililia. Alingoja nimalize. Kisha nikasikia kitana kinapita tena, na uzi unazungushwa juu ya nywele zile alizokuwa amezifungua.

"Sasa naona," akasema. "Tutafika nayo ku nyumba. Kule tutaangalia."

Papa alikuwa amesimama mlangoni, shati limemzidi. Alimkumbatia Ilunga kwa nguvu, akamkumbatia Mama. Akanishika mabega, akanitazama kitambala, kikwembe, akamgeukia Mama.

"Vita imeisha. Juu ya nini huyu iko bado vile?"

"Vita ilikuwa ya Ilunga," Mama akasema. "Ya huyu iko ingine."

Hawakugombana mbele yetu. Kwa majuma mengi Papa hakunisemesha. Alipitisha maneno kwa Mama, hata nikiwa nimekaa mbele yake. "Umwambie Dezire alete maji." Haikuwa chuki, naiona sasa. Alikuwa mtu wa ratiba na stempu, na kwangu hakujua agonge stempu gani. Siku moja nilimsikia jikoni, sauti ya chini: "Ku shule batamupiga. Mu barabara batamukimbiza. Inje ya hii lupangu minyi siwezi kumulinda, unasikia? Siwezi."

Mama hakubishana, kwa sababu ilikuwa kweli. Walikubaliana kwa vipande vidogo vidogo, na sijui kipi kilitoka kwa nani. Nje ningevaa kaptula na shati la shule. Nywele zingekatwa, lakini si kwa wembe. Zibaki urefu wa kuweza kushikwa na vidole. Chini ya shati ningevaa shimizi ya zamani ya Mama aliyoipunguza na kuipindia, nyeupe, haionekani. Ni mimi tu niliyejua ipo, na ilinitosha kuvuka siku nzima ya darasani. Ndani ya lupangu, geti likifungwa, nilikuwa na kikwembe changu na kazi zangu jikoni. Mama alinifundisha kushona, kwanza vifungo, kisha mapindo, kisha akaniruhusu kugusa cherehani. Kanisani alizungumza na mwongoza kwaya, nikapangwa na sauti ya kwanza, katikati ya wasichana, kwa sababu nilikuwa naifikia. Mwenyewe nilifuga ukucha wa kidole kidogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotaka daktari au safari. Vilikuwa vitu vilivyokuwa tayari ndani ya nyumba.

Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Shuleni walinipa jina ambalo sitaliandika. Ilunga alipigana kwa ajili yangu, akarudi na mdomo umevimba, akakataa kuniambia sababu. Lakini nilikuwa na mahali pa kurudi, na saa ya kurudi, na mtu anaweza kuvumilia mengi akijua saa.

Sauti yangu iliondoka siku moja nikiwa kwenye kwaya. Tulikuwa katikati ya wimbo, nikapanda pale ninapopanda siku zote, na pale juu hapakuwa na kitu. Ikatoka kelele. Msichana wa kando akageuka. Nilifunga mdomo, nikangoja hadi baraka ya mwisho, nikatembea nyumbani peke yangu.

Mama alijaribu maji ya moto na asali na limau, ingawa alijua, kama mimi, kwamba haitarudi. Alinikalisha, akanionyesha jinsi ya kusema polepole, pumzi ikiwa mbele, bila kusukuma kutoka kifuani. "Sema sawa vile unabembeleza mutoto." Nilimsikiliza kwa makini. Sikusema kitu. Safari hii hakukuwa na akiba ya kulinda. Nilikuwa naona haya tu. Siku zikapita hivyo, nyumba ikawa nzito, na hata Ilunga akawa anatembea kwa vidole.

Jumapili moja mchana tulikuwa mezani, tunakula bukari, yaani ugali, na samaki. Papa alimega, akaonja, akaacha mkono hewani. Akanitazama mimi, si Mama.

"Dezire. Samaki iko na chumvi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimekuuliza weye. Njo weye ulipika."

Mama akainamia sahani yake. Nilikumbuka pumzi iwe mbele, nisisukume.

"Iko mingi, Papa. Munisamehe."

Ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, pana kuliko nilivyozoea. Ilunga akaweka samaki wake chini, akainamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi.

"Bantu," akasema. "Si ni Mama akiwa na mafua?"

Mama aliinua uso, mdomo wazi, kama mtu aliyetukanwa. Kisha akacheka. Na Papa, ambaye nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Kabalo, akapaliwa na bukari, akapiga meza kwa kiganja, macho yakajaa maji.

"Ni kweli," akasema alipopata pumzi. "Ni yeye kabisa. Ni yeye ku masika ya mvua." Akavuta kiti chake karibu na changu. "Sema tena."

"Niseme nini, Papa?"

"Kitu yoyote. Sema."

Nikaanza na samaki, nilivyomnunua na kwa nini chumvi ilizidi. Nikaendelea na mwanamke aliyeniuzia, na mtoto wake mgongoni, na mvua iliyotukuta njiani. Hakuna aliyenikatiza. Bukari likapoa, Mama akaondoka kuchemsha maji mengine, na kutoka jikoni akaniambia nipaze sauti, hasikii vizuri.